Mlango wa Kwanza Siku ya Idi

Ndugu zangu wa Paquitequete,

Tangu nirudi, kila mmoja wenu amenikamata kwa wakati wake, huyu penye birika la udhu, yule dukani, akitaka nimweleze yaliyonipata. Na tayari nimesikia mtaani masimulizi mawili ya safari yangu ambayo mimi mwenyewe siyatambui. Katika moja nilitekwa. Katika jingine nilioa. Kwa hiyo nimeona heri niandike, ili anayetaka kusimulia asimulie niliyoyaona, na nisiyoyaona ayaache.

Mnakumbuka kwamba kabla ya mwezi wa Ramadhani tulimzika Mwalimu Bakari, mwenzangu wa mtaa mmoja niliyefundisha naye shule moja Mocímboa da Praia, nikakimbia naye vita, nikapanga naye nyumba moja mtaani kwenu, hapa Pemba yetu ya Msumbiji. Mnakumbuka pia kwamba, kwa kuwa hatukuwa na namba ya simu ya mtu wake yeyote, tulimwomba dereva wa lori apeleke habari kwa jamaa zake waliorudi Mocímboa. Dereva akasema atafikisha, nasi tukaridhika.

Katikati ya mfungo ilinifikia kwenye simu sauti iliyorekodiwa ya mtu nisiyemjua, iliyokwisha kupita kwa watu wengine nisiowajua, ikisema kwamba nyumbani kwa dada yangu, Quitunda, kuna msiba. Haikusema nani. Dada yangu Anshia ni mkubwa wangu, na katika tumbo letu tumebaki yeye na mimi. Vita ilipoingia Mocímboa mimi nilishika njia ya kusini, yeye akashika ya kaskazini kwa binti yake Rehema, ambaye mumewe ni katika wale waliohamishwa kupisha mradi wa gesi wakajengewa nyumba za bloko Quitunda. Tulikuwa tukizungumza kwa simu ya Rehema. Nilipoipiga baada ya sauti ile, haikupatikana. Nikapiga kesho yake, na kila siku iliyofuata. Haikupatikana.

Sasa lazima niwaeleze jambo la nyumbani kwetu, maana bila hilo hamtaelewa haraka yangu. Kwetu, aliye mdogo humwendea mkubwa wake asubuhi ya Idi akitoka kuswali, wala haingii nyumba ya mtu mwingine kabla ya hiyo. Jirani akikuita, unamwitikia ukiwa umesimama njiani. Ukifika, mkubwa hakupi mkono mara moja. Anakuuliza: "Umeanzia wapi?" Nawe unajibu: "Nimeanzia hapa." Ndipo anapokupa mkono na kukutakia Idi. Swali hilo dada yangu ameniuliza tangu nikiwa navaa kanzu ya kushonewa na mama, na tangu vita amekuwa akiniuliza kwa simu. Mwaka huu niliazimia kulijibu mlangoni pake, au nijue kwa macho yangu kwamba hakuna tena wa kuliuliza.

Kutoka Pemba hadi Macomia

Garini nilikaa karibu na mama mmoja wa Kimakonde, mnene, mchangamfu, amevaa rozari juu ya blauzi ya kitenge. Jina lake Dona Felismina. Alikuwa akirudi Awasse kwa mashamba yake, na kabla hatujafika Metuge alikwisha kunihoji nikahisi niko mbele ya mkaguzi wa elimu.

"Mwalimu ni Mmwani?"

"Wa Mocímboa."

"Nilijua. Ninyi Wamwani mnaipenda pwani mpaka kaburi mnataka lichimbwe mahali linaposikia mawimbi."

"Nanyi Wamakonde mnachimba visima juu ya mlima, halafu mnalalamika maji yako mbali."

Alicheka mpaka kiti kikatikisika. Utani wa watu wetu haukufa na vita, na nakiri ulinipunguzia uzito wa kifua kwa kitambo. Kisha akaniambia kwamba kabla ya vita alikuwa akiishi Mocímboa, akiuza karanga sokoni, na jirani yake alikuwa Mwislamu, Bi Tima. Kila Idi Bi Tima alimpelekea sahani ya pilau na maandazi, imefunikwa kawa. Dona Felismina hakuirudisha tupu hata mara moja. Aliiweka mpaka Krismasi, kisha akairudisha pamoja na kuku mzima, hai, amefungwa miguu.

"Hai kwa nini?" nilimwuliza, ingawa nilijua.

"Ili mume wake amchinje mwenyewe, mwalimu. Wa kwangu hamli. Mwaka wa kwanza nilimpelekea wa kuchoma, Bi Tima akashukuru sana, akampa paka. Paka alinona, mimi nikajifunza."

Idi ya mwisho kabla ya mashambulizi, sahani ilikuja kama kawaida. Krismasi haikuwahi. Alipokimbia usiku ule alifunga vitu vyake kwa shuka bila kutazama, na alipofungua bunda porini akaikuta sahani ile katikati ya nguo za wajukuu.

"Nilikimbia na sahani ya watu," alisema, na safari hii hakucheka. "Bi Tima simjui aliko. Mmoja ananiambia yuko Nampula. Mwingine ananiambia hayuko tena."

"Aliyesema hayuko, alimzika?"

"Hapana."

"Basi hajui."

Alinitazama, akaniuliza mimi nakwenda kumwona nani. Nikamweleza. Hakuniambia nisiwe na wasiwasi. Alishika rozari yake akaanza kuihesabu punje moja moja, na hilo lilinitisha kuliko maneno.

Macomia hadi Awasse

Macomia tulikwama. Mvua ilikuwa imekata barabara mbele, na magari hayaruhusiwi kuendelea bila msafara wa kusindikizwa na askari, ambao watu wote wanauita koluna. Magari yalipangwa pembeni mwa njia, na habari zikaanza kutembea kutoka gari hadi gari. Koluna imeondoka Awasse. Koluna haitaondoka. Daraja limezama. Daraja halijazama, ila lori limezama. Wanaume wazima walipanda na kushuka magarini kwa sababu ya maneno ya mtu ambaye hakuna aliyeweza kumtaja.

Nilishuka nikaenda mwenyewe kwa sajini aliyekaa chini ya turubai. Nikamwuliza kwa Kireno cha darasani lini tutaondoka. Alinijibu kwamba hata yeye hajui. Lilikuwa jibu pekee la kweli nililolipata siku ile, nikamshukuru kwalo, akanishangaa.

Siku zilizobaki kabla ya mwezi kuandama zilikuwa chache, na kila jua lilipozidi kuteremka niliiona Idi ikinipita nikiwa barabarani. Msafiri ameruhusiwa kula; mimi nilifunga, kwa sababu nisingefunga ningekuwa na kazi moja tu, ya kuwaza. Jioni watu wa nyumba za jirani walituletea uji na mihogo ya nazi kwa ajili ya waliofunga, bila kuuliza nani amefunga na nani hakufunga. Kijana aliyekaa mbele yangu alinyoosha mkono kwenye bakuli. Dona Felismina akampiga kofi jepesi.

"Bado. Hawa hawafuturu kwa kukisia. Subiri adhana."

"Mama, wewe si Mwislamu."

"Nimekaa na Bi Tima miaka mingi kuliko uliyokaa wewe duniani."

Adhana ilisikika, akaninawisha maji mwenyewe.

Tulilala magarini. Siku ya pili koluna ilikuja, tukaenda kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai, katikati ya vijiji ambavyo baadhi ya nyumba zake zina mapaa mapya ya bati na nyingine hazina hata kuta. Awasse, penye njia panda, Dona Felismina alishuka. Gari lilikuwa likisubiri magari ya kutoka Mueda. Nilidhani ameaga. Kumbe alikwenda kwake, nyuma ya maduka, akarudi na kuku jike, mwekundu, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba.

"Mchukulie dada yako."

"Dona, sahani haikuwa yangu. Kuku huyu ni wa Bi Tima."

"Bi Tima simwoni. Wewe nakuona. U Mwislamu wa Mocímboa, na Idi yenu imekaribia."

"Mtu hawezi kupokea haki ya mwingine kwa sababu tu ni wa mji mmoja."

"Mwalimu, hapa si shuleni. Shika kuku."

Nikamshika. Alishika mikono yangu yote miwili juu ya mabawa ya kuku yule, akasema, "Ukimkuta dada yako, mwambie Idi njema kutoka kwangu. Na kama hukumkuta, chinja hivyo hivyo, uwape watu wale." Hilo la pili ndilo nililoondoka nalo kichwani.

Mocímboa da Praia

Sitawaelezea mji wetu. Mliotoka huko mnajua, na msiotoka huko hamtanisadiki. Nilipita mtaa wetu bila kusimama. Bi mmoja anayepika vitumbua kando ya barabara, ambaye nilimfundisha kusoma akiwa na mapengo, aliponiona aliacha kikaango, akaja akanishika mkono, akaubonyeza kama anayepima kitambaa dukani. "Shikamoo mwalimu," alisema. "Kumbe." Akanifungia vitumbua vya futari, akarudi kwenye moto wake akijifuta macho. Sikuona ajabu. Siku hizi Mocímboa watu wanaokutana baada ya vita hulizana kwa kuonana tu.

Nilikuwa nimekusudia kuwatafuta jamaa za Bakari niwape pole. Lakini niliamini wamekwisha kupata habari kwa yule dereva, nikaliacha hilo mpaka wakati wa kurudi, nikaenda bandarini kutafuta gari.

Pale, kati ya matenga ya samaki na magunia ya saruji, nilielekezwa kwa mchuuzi mmoja, Amadi, kijana mwenye pikapu, anayepeleka samaki Palma na Quitunda. Nilimsalimu, nikamwambia nataka kufika Quitunda, nyumbani kwa Rehema, kwa mama yake, Bi Anshia.

Amadi aliweka chini tenga alilolishika. Akanawa mikono, akaja kunipa.

"Poleni sana, mzee. Poleni na msiba."

Niliupokea mkono wake, na mdomo wangu ukafanya kazi yake ya siku zote.

"Umeambiwa na nani?"

"Sikuambiwa, mzee. Nilikuwepo. Nilipeleka samaki siku ya hitima, wakanikaribisha, nikakaa na wanaume tukasoma Yasini. Niliambiwa ni mtu mzima wao aliyewaondokea."

"Bi Anshia ulimwona?"

"Wanawake walikuwa ndani."

Mnanijua. Maisha yangu yote nimewaambia watoto wa watu: habari iulizwe hadi mwisho wake, nani, wapi, lini, nani aliona. Hapa palikuwa na mtu aliyekaa kwenye mkeka wa matanga kwa makalio yake mwenyewe, na nyumba ile haina mtu mzima mwingine ila dada yangu. Ilibaki swali moja, jina la marehemu. Kwetu marehemu hatajwi jina mbele ya jamaa yake ila katika dua, na Amadi hakulitaja. Nami sikuuliza. Niliogopa kwamba angelijibu.

Magharibi ile tulikusanyika msikitini kungoja habari za mwezi. Mmoja alisema redio ya ng'ambo imetangaza. Mwingine alisema shemeji yake kapiga simu kutoka Mtwara. Imamu, mtu makini, akasema, "Redio nimeisikia. Nani ameuona?" Wakasimama wavuvi wawili, ndevu zao bado zina chumvi. Akawauliza mmoja mmoja: uliuona wewe, au ulioneshwa? Ulikuwa umeelekea wapi? Wakajibu. Imamu akasema Idi ni kesho, na msikiti mzima ukapiga takbiri. Nilipiga pamoja nao. Sauti yangu ilikuwa sawa.

Njia ya Quitunda

Asubuhi nilikula tende, nikaswali. Baada ya hotuba watu walipeana mikono, wakasameheana, wakaanza kuvutana majumbani. Mimi nilisimama njiani na kuku wangu. Kila mlango uliita. "Karibu, mzee, japo chai." "Ahsanteni, sijafika kwa mkubwa wangu." Bibi mmoja aliyevaa kanga mpya, wino wake bado unanuka duka, alisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara: "Mzee, pilau letu linauma?" Wenzake wakaangua kicheko. Wengine waliona nina kiburi. Sikuwa na nguvu ya kuwaeleza kwamba ninailinda desturi ya mlango ambao huenda hauna tena mwenyewe.

Amadi alikuwa akienda Palma kuwasalimu wakwe zake, akanipakia mbele pamoja na mkewe Maimuna, watoto wakakaa nyuma wameshika nguo zao mpya zisipate vumbi. Kwenye kizuizi watoto waliteremsha mfuko wa bajia wakawapa askari. Askari mmoja, mtu wa kusini, aliwashukuru, akatutakia sikukuu njema kwa Kireno, akauliza kama kuku naye anakwenda kusherehekea. Nilimjibu kwamba anakwenda, lakini sidhani kama atafurahi. Walicheka wote. Mimi nilishangaa kwamba bado naweza kuchekesha.

Njiani Maimuna aliniuliza kwa upole, "Baba, utaingiaje?"

Hilo ndilo lililokuwa likinisumbua. Penye msiba wa karibuni, Idi ya kwanza, mgeni hatoi Idi mlangoni. Anavua viatu, anakaa, anainua mikono, inasomwa Fatiha. Kisha anangoja. Wenye msiba wenyewe ndio wanaoanza kusema "Idi mubaraka", wakishaweza kulitamka. Wasipolitamka unaondoka nalo mdomoni. Lakini mimi nilikuwa mgeni, na nilikuwa mwenye msiba vilevile. Ni nani angeanza?

"Nitaingia kama mtu mwingine," nilimwambia. "Nitakaa mwisho wa mkeka."

Quitunda

Nyumba za Quitunda zimepangwa kwa mistari, zinafanana kama madaftari mapya. Amadi alinishusha kwenye kona, akaninyooshea kidole. Sikuhitaji kidole. Nyumba nyingine zote zilikuwa na watoto wenye puto na redio zinazopiga kaswida. Moja tu ilikuwa kimya, viatu vingi vimepangwa nje, mikeka imetandikwa kivulini mwa turubai, na sinia za wali mweupe, bila zabibu, bila rangi, zimefunikwa kando.

Nilivua viatu. Nilikaa mwisho wa mkeka, nyuma ya migongo ya wanaume nisiowajua, kuku nikamweka ubavuni pangu chini ya koti. Hakuna aliyegeuka, palikuwa panasomwa. Nilitazama mlango uliokuwa na pazia la kijani. Nyuma yake wanawake walikuwa wakilia kwa sauti ya chini, ile ya watu waliokwisha kulia sana. Nilijaribu kuisikia sauti ya Anshia miongoni mwao, ili nijue. Sikuisikia.

Msomaji, kijana mwenye sauti nzuri, alimaliza aya, akasema, "Tuinue mikono." Nikainua. Nikasema moyoni: dada, nimeanzia hapa.

"Fatiha," akasema msomaji, "kwa roho za wazee waliotangulia, na kwa roho ya marehemu wetu aliyefia ugenini, Pemba, Mwalimu Saidi bin Abudo."

Ndugu zangu, hilo ni jina langu.

Wanaume walishusha vichwa wakaanza kusoma. Mimi sikuweza. Nilijisikia nikisema, kwa sauti niliyoitumia darasani nilipokuwa nikisahihisha hesabu ubaoni:

"Nani amewaambia?"

Wakageuka wote. Mmoja aliyekuwa mbele yangu alinitazama usoni, akasogea nyuma kwa mikono yake mpaka akakaa kwenye sinia. Kuku akaamka, akapiga kelele, akatoka chini ya koti na kamba yake, na wanaume wawili wakaruka juu kama wamechomwa. Katikati ya vurugu ile pazia la kijani likafunguka.

Dada yangu amekonda. Alikuwa amevaa kaniki, kichwa amejifunga mtandio mweupe, na fimbo mkononi ambayo sikuijua. Alisimama kizingitini, akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Hakupiga kelele. Wanawake nyuma yake walipiga kwa niaba yake.

"Umeanzia wapi?" aliuliza.

"Nimeanzia hapa."

"Hukuingia kwa mtu?"

"Sikuingia kwa mtu, dada."

Ndipo aliponyoosha mkono. Niliushika, nikauweka kwenye paji la uso wangu, na sikuuachia upesi.

"Idi mubaraka," alisema. Kwa kuwa mwenye msiba amekwisha kutamka, watu wote waliokuwepo wakaitikia mara moja, nyumba nzima, mpaka jirani wakatoka kutazama.

Baadaye, watu walipokwisha kunigusa vya kutosha, tulikaa. Rehema alieleza kwamba simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji mwanzoni mwa mfungo. Habari ya kifo changu iliwafikia kwa muuza mafuta wa Mocímboa, aliyeipata kwa fundi, aliyeipata kwa dereva: mwalimu mzee wa mtaa wenu amefariki Pemba, waambieni wa nyumbani. Kuku wa Dona Felismina nilimchinja mwenyewe, na dada aliamuru apikwe kwa nazi na viungo vyote vilivyokuwa vimefichwa kwa sababu ya matanga.

"Fungu lako la Idi halipo," aliniambia akinipakulia. "Nilikwisha kulipeleka kwa jirani, Mkristo. Nilimwambia amwombee ndugu yangu namna wanavyoomba wao. Sijui sasa tutamwambiaje."

"Mwambie imekubaliwa," nilisema. Alinipiga begani kwa mwiko.

Kisha uso wake ukabadilika. Akaweka mwiko chini.

"Saidi. Na huyo aliyekufa ni nani?"

Mimi nilikuwa nimekwisha kulijua jibu tangu alipotajwa dereva katika maneno ya Rehema. Mwalimu mzee wa mtaa wetu, amefariki Pemba.

"Ni Bakari," nilimwambia. "Nilimshusha kaburini mwenyewe."

"Zaituni, dada yake, amerudi," alisema dada yangu polepole. "Yuko Mocímboa, katika nyumba yao ya zamani. Alikuja hapa kunipa pole kwa ajili yako. Alilia na mimi siku mbili." Akaisogeza sahani yangu kando. "Atakuwa amempikia kaka yake leo."

Niliinuka nikatafuta viatu. Dada alinizuia kwa fimbo. Akasema siku ya Idi hakuna gari la kurudi, na kwamba kitu hicho hakipelekwi kwa haraka. Kisha akasema, "Lakini usimtume mtu."

Kurudi

Amadi alinichukua aliporejea kutoka kwa wakwe zake. Nyumba ya kina Bakari imeezekwa upya upande mmoja; upande wa pili bado ni anga. Zaituni alikuwa uani akisugua sufuria. Aliponiona aliidondosha, akaja mbio, akanishika uso kwa mikono yenye majivu, akacheka, akalia, akacheka tena.

"Mwalimu Saidi. Tumekulilia bure, mwalimu. Nimekulilia mpaka nikaugua." Akageuka, akaingia ndani haraka, akatoka na sahani iliyofunikwa kawa. "Idi mubaraka. Hii nilimwekea kaka, nikasema siku hizi tatu za Idi zisipite bila fungu lake, huenda akapata gari. Mtakula wote wawili. Yuko wapi, amebaki kwenye gari? Mwenyewe siku zote ni wa mwisho kushuka."

Sikumjibu Idi yake. Nilivua viatu vyangu mlangoni. Niliingia, nikakaa kwenye mkeka, nikainua mikono.

Zaituni alibaki amesimama na sahani. Aliitazama mikono yangu. Nyuma yake nilisikia watoto wa jirani wakipita wakiimba.

"Umesikia," aliniuliza, "au umeona?"

"Nimemzika, Zaituni. Mimi na wenzangu wa Paquitequete."

Aliiweka sahani chini taratibu, akanyoosha kawa iliyokuwa imekaa upande. Kisha akaja akakaa mbele yangu, akainua mikono yake yenye majivu, nami nikaanza kusoma.